Kabla ya kuwapeleka watoto Bagamoyo

Shule zikifungwa mwezi wa sita, simu za wazazi hujaa swali moja: twende wapi na watoto, bila kulala huko na bila kumaliza mshahara? Kwa sisi wa Dar es Salaam, Bagamoyo hutajwa mapema, na ni jibu zuri. Ni kilometa 70 hivi, lami mwanzo hadi mwisho. Bahari ipo, historia ipo, samaki wapo. Tatizo ni jinsi tunavyokwenda. Familia inatoka nyumbani saa nne, inafika saa sita jua likiwa la utosi, inazungushwa magofu sita kwa saa mbili, mdogo analia, mkubwa yuko kwenye simu. Jioni ukimuuliza mtoto ameona nini, anakujibu: "Mawe."

Mzazi mwenzangu, safari ya Bagamoyo inataka kuchagua kuliko inavyotaka fedha. Mimi huchagua sehemu mbili za historia na ufukwe, basi. Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani na nyumba nyingine za mji wa zamani mtazipita mkiwa njiani, na kwa mtoto wa shule ya msingi hiyo inatosha. Jambo la pili ni kujiandaa kwa maswali, kwa sababu mji huu una habari ambazo mtoto wa miaka saba hawezi kuzibeba kama zinavyosimuliwa kwa watu wazima.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayopanga siku. Bahari ya Bagamoyo ikikupwa huenda mbali kweli, na aliyeahidiwa kuogelea anabaki kutazama tope. Angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu, yaani wakati wa bamvua, maji katika pwani yetu hukupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yanajaa asubuhi, yanakupwa jioni. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Wanaotaka magofu asubuhi na kuogelea baada ya chakula wachague Jumamosi iliyo karibu na bamvua. Wenye watoto wadogo sana wanaweza kufurahia zaidi maji yakiwa yamekupwa, wakaokota makombe na kufukuza kaa, ila mtu mzima asimame nao, kwa sababu maji ya bamvua yakianza kurudi hayasubiri mtu amalize kuchimba shimo lake.

Rangi ya maji isiwashangaze. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini mwa mji, kwa hiyo maji huwa na udongo, hasa baada ya mvua. Aliyezoea picha za Nungwi atavunjika moyo asipoambiwa mapema. Na msiogelee pale soko la samaki. Pana vyombo vinaingia na kutoka, kamba, ndoana na vichwa vya samaki. Pale ni pa kutazama na kula. Pa kuogelea ni fukwe za hoteli, na nyingi zina utaratibu wake kwa wageni wa kutwa: wengine hutoza kiingilio, wengine hutaka mnunue chakula. Piga simu siku moja kabla, uulize pia kama unaruhusiwa kuingia na hotipoti lako. Swali hilo linatia aibu kidogo, lakini ni afadhali aibu ya kwenye simu kuliko ya getini mbele ya watoto.

Tokeni nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Wenye gari watapita Tegeta na Bunju kabla foleni haijakaza. Wasio na gari, mabasi ya Bagamoyo yanapatikana stendi ya Makumbusho, na mkifika mnachukua bajaji. Patana naye bei ya kwenda Kaole, kuwasubiri na kuwarudisha mjini, yote kwa pamoja na kabla hamjapanda, kwa sababu Kaole iko kama kilometa tano kusini mwa mji na si mahali pa kusimama barabarani mkitafuta usafiri na mtoto mgongoni.

Kaole iwe ya kwanza kwa sababu iko wazi na jua lake ni kali. Hapo kuna magofu ya misikiti miwili, mkubwa wake ukiwa wa tangu karne ya 13, pamoja na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Waambie watoto wachunguze nguzo hizo: zina vishimo vya duara ambamo zamani ziliwekwa bakuli za Kichina kama pambo. Kisha waende kwenye chumba cha makumbusho wavione vipande vya vyombo vyenyewe. Mtoto akielewa kwamba bakuli ilitoka China ikafika hapa kabla ya Mreno yeyote, umeshapata faida ya nauli. Waulize pia bandari iko wapi. Watatafuta bahari wasiione, wataona mikoko. Bandari ilijaa mchanga, mikoko ikaota, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Mwongozaji atawaonyesha mbuyu ambao wenyeji husema ukiuzunguka unaongezewa umri, na hapo hakuna mtoto atakayekubali kubaki nyuma. Jambo moja tu: makaburi mengine bado huzuriwa kwa dua. Watoto wasipande juu yake kupiga picha, hata kama kuna mtu mzima amekwishapanda.

Sehemu ya pili ni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Ina kivuli, ina choo, ina jengo la makumbusho, na ina mbuyu mwingine ambao watoto huupenda zaidi. Zamani mnyororo ulifungwa kwenye shina lake, inasimuliwa kuwa ni wa punda, na mti ukakua ukaumeza hadi kimebaki kipande kinachochungulia. Mkienda Jumapili, subirini ibada iishe kwanza.

Hapo misheni ndipo maswali magumu yanapoanza, kwa sababu waliokaa mwanzoni wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto wako atauliza: walikuwa na umri gani? Mama zao walikuwa wapi? Nani aliwauza? Ukinyamaza, mwongozaji atajibu, na wapo waongozaji wenye kipaji cha kusimulia pingu na viboko mpaka mtu mzima akose usingizi. Mvute pembeni kabla ya kuanza, mwambie umri wa wanao na nini asikiguse leo. Ni mteja wako pia, wala hatakasirika. Mnara wa kumbukumbu mahali Wajerumani walipowanyongea waliopinga utawala wao, kwa mfano, kijana wa sekondari anapaswa kuuona. Wa darasa la pili anaweza kusubiri miaka michache.

Kwa wadogo, ukweli mfupi unatosha: zamani watu waliwakamata watu wengine na kuwauza, ilikuwa dhuluma, na ilikomeshwa. Kwa walio darasa la tano kwenda juu, usiishie hapo, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mtoto anaweza kurudi shuleni Jumatatu na sentensi moja tu, "Waarabu walituuza," akamtupia mwenzake wa dawati moja ambaye babu yake ana asili ya Oman. Au akamtazama kwa jicho baya rafiki yake Mwislamu. Mpe habari nzima. Walikuwapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, walikuwapo watawala wa bara walioteka na kuuza jirani zao, na walikuwapo Wahindi waliokopesha mitaji. Wazungu wa visiwa vya Réunion na Mauritius walinunua watumwa kwa mashamba ya miwa, na pembe za ndovu zilizobebwa mpaka pwani zilikwenda Ulaya na Marekani kutengenezwa vidude vya piano. Wote walikula meza moja. Aliyeliwa ni yule aliyetekwa.

Mwambie pia jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: si kila aliyeingia Bagamoyo na mzigo kichwani alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wanaolipwa, wakipatana ujira na kutupa mizigo ujira ukipunjwa. Ndiyo maana jina la mji lina masimulizi mawili. Wengine husema ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake bara, wengine ni furaha ya mpagazi anayeubwaga mzigo na kupumzisha moyo baada ya miezi njiani. Wasimulie watoto yote mawili, waache wabishane kwenye gari. Kilwa, kusini zaidi, ndiyo iliyokuwa bandari kubwa zaidi ya watumwa. Bagamoyo ilitajirika zaidi kwa pembe.

Na kama watoto wanataka shujaa, hapo misheni wapo, tena si yule anayeandikwa kwa herufi kubwa. David Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao, wanawake wakiwamo, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874 na kulazwa hapo misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alisafiri na mwili huo hadi Uingereza. Waambie wanao wahesabu: kutoka hapa mpaka nyumbani ni kilometa 70. Ni mara ngapi? Mwanangu wa kati alipopata jibu aliuliza kama walikuwa na viatu. Hilo naona ni swali bora kuliko mengi ya mitihani.

Wakazi wa Dar wana kiungo kingine. Jina la Sewahaji mnalolijua pale Muhimbili ni la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetajirika Bagamoyo kwa kuandaa misafara na kukodi wapagazi, kisha akatoa mali yake kwa hospitali na shule. Mtoto aliyezaliwa Muhimbili atasikiliza hapo.

Kuhusu fedha, gawanya mafungu manne: usafiri, viingilio, mwongozaji na chakula. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, na cha mtoto ni nafuu zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho. Weka salio kwenye simu pia, kwani malipo ya serikali siku hizi hufanyika kwa namba ya malipo, wakati dereva wa bajaji na muuza pweza wanataka noti mkononi. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, lita moja na nusu kwa kila mtu, pamoja na kofia na nguo za kubadilisha. Kanga mbili zitafaa kuliko taulo: mtajifunga, mtatandika, na mtajistiri mkipita mitaani, maana mji ni wa watu wenye heshima zao na si ufukwe mzima. Mwezi wa Ramadhani beba chakula chote, na mle mahali pa faragha.

Kwenye maji, mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine yoyote isipokuwa kutazama watoto. Si kupiga picha, si kujibu ujumbe. Pokezaneni kila nusu saa. Na kama mnarudi Jumapili, tokeni Bagamoyo saa kumi kamili, kwa sababu kuanzia Tegeta mpaka Mwenge mtawakuta watu wote waliokuwa na wazo kama lenu.