Mzazi, mwambie bodaboda "sina haraka" kabla hajapenya foleni

Kahama ni mji wa malori. Mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hupita hapa, na bandari kavu ya Isaka iko jirani. Ongeza magari ya migodini, daladala, bajaji na baiskeli, halafu weka katikati yao bodaboda aliyembeba mama mwenye mtoto mgongoni.

Mbele kuna foleni. Lori moja linageuza, jingine limesimama nyuma yake, na magari madogo yamekwama. Dereva wa bodaboda ana njia mbili: asubiri kama wengine, au apenye. Wengi hupenya, na mara nyingi abiria hukaa kimya, kana kwamba uamuzi huo haumhusu.

Unamhusu sana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa mzazi, huo ndio umri wa watoto walioko nyumbani kwake, kuanzia wa chekechea hadi yule aliyenunuliwa pikipiki juzi.

Dakika unayoipata

Tuseme foleni ina urefu wa kilomita moja. Bodaboda anayepita pembeni yake kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ataimaliza kwa dakika moja na nusu. Akienda kilomita 20 kwa saa, atatumia dakika tatu. Tofauti ni dakika moja na nusu tu.

Sasa angalia anachokilipia. Kwenye mwendo wa kilomita 36 kwa saa, pikipiki husafiri mita 10 kila sekunde. Dereva huhitaji karibu sekunde nzima kuona hatari na kuanza kushika breki. Kwa hiyo mtu akijitokeza ghafla mita nane mbele, pikipiki inamfikia kabla breki haijaanza kazi.

Zipo sehemu duniani ambako sheria inaruhusu pikipiki kupita kati ya magari. Jimbo la New South Wales nchini Australia liliruhusu mwaka 2014, lakini kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, na si kati ya gari na ukingo wa barabara. Maeneo ya shule, katika saa za wanafunzi, hairuhusiwi kabisa. Marekani nako, utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa mwaka 2015 ulichambua ajali za pikipiki takribani 6,000. Ulionyesha kuwa hatari ya kuumia huongezeka pale pikipiki inapoyazidi magari yanayoizunguka kwa zaidi ya kilomita 24 hivi kwa saa.

Fundisho lake ni jepesi. Hatari kubwa inakuja pale bodaboda anapopita kwa kasi pembeni ya magari yaliyosimama au yanayotambaa.

Asiyekuona hawezi kukukwepa

Dereva wa lori ameketi juu sana. Pikipiki iliyo karibu na tairi lake la mbele, iliyobanana ubavuni, au iliyo nyuma ya tela, haionekani. Kipimo ni hiki: kama wewe huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, na yeye hakuoni.

Upande wa kushoto ndio mbaya zaidi. Lori lenye tela linapokata kona kwenda kushoto, kichwa hutangulia mbali kidogo, kisha tela huja likikata ndani. Nafasi iliyokuwa inamtosha bodaboda hufungwa kama mlango. Nafasi pana kushoto mwa lori lililopunguza mwendo inaweza kuwa ishara kwamba lori hilo linajiandaa kugeuza.

Kahama kuna jambo jingine la kuzingatia. Rwanda, Burundi na Kongo magari hutembea upande wa kulia wa barabara, hivyo baadhi ya malori yanayopita hapa yana usukani kushoto. Dereva wa lori la namna hiyo huona kwa shida upande wa kulia, yaani upande uleule ambao bodaboda anautumia kulipita. Namba za usajili za nchi jirani ziwe onyo la kuongeza nafasi, au kubaki nyuma kabisa.

Foleni iliyosimama nayo ina mambo yake. Utingo hufungua mlango na kuruka chini bila kutazama nyuma. Muuza karanga au maji huchomoza kati ya lori na lori. Mwanafunzi anayevuka hutazama magari makubwa tu, hategemei pikipiki. Kisha mbele kunafunguka, magari yanaanza kusogea, na bodaboda aliye katikati hana pa kurudi.

Pikipiki iliyobeba familia si ileile

Bodaboda hupima nafasi kwa macho aliyozoea akiwa peke yake. Mama aliyekaa upande, na magoti yake yamejitokeza, huongeza upana. Mfuko wa sokoni unaoning'inia huongeza tena. Mtoto aliyefungwa mgongoni anaweza kugongwa kichwa na kioo cha gari bila mama kuona lolote.

Uzito nao huongeza umbali wa kusimama. Mshikaki wa abiria wawili watatu hauwezi kufunga breki kama pikipiki tupu. Mtoto anayewekwa mbele juu ya tangi humbana dereva anapokata usukani, na pikipiki ikigonga, yeye ndiye hutangulia kuumia.

Hapa Tanzania, kanuni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zilikataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Wazazi wengi wanajua maisha yanavyobana: kliniki iko mbali, daladala haipiti, mtoto ana homa. Pale njia nyingine ipo, hata kama ni bajaji au kutembea hadi barabara kuu, itumike. Pale ambapo haipo kabisa, basi angalau foleni isipenywe.

Kofia ngumu ni ya kila abiria. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali umeonyesha kuwa hupunguza uwezekano wa kufa kwa takribani asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Anayeogopa jasho la abiria waliotangulia aweke kitambaa chake safi ndani. Mkanda ufungwe chini ya kidevu, kwa sababu kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini. Kofia ya baba inayocheza kichwani mwa mtoto nayo haisaidii.

Maneno ya kusema kabla ya kupanda

Bodaboda wengi hukimbizana na hesabu ya kila siku ya mwenye pikipiki, na abiria anayelalamika "tumechelewa" huwaongezea presha. Ndiyo maana neno la abiria lina uzito.

Lisemwe pale kijiweni, wakati wa kupatana nauli, kwa heshima: "Mwanangu, sina haraka. Tukikuta foleni tusubiri." Akijibu, "Usijali mama, hii njia naijua," mwambie tena, "Najua unaijua. Mimi naogopa mwenye lori." Akianza kupenya, mguse bega umwambie apunguze mwendo. Asiposikia, mwombe asimame mahali salama, shuka na umlipe alipokufikisha.

Wazazi wenye makubaliano ya mwezi na bodaboda wa kumpeleka mtoto shule wana kazi ya ziada, kwa sababu wao hawapo safarini. Makubaliano yasiishie kwenye bei. Wakubaliane kuwa ni mtoto mmoja kwa safari, mwenye umri unaoruhusiwa, kofia yake mwenyewe, hakuna kupita foleni akiwa amepakiwa, na hakuna kuvuka mstari mweupe usiokatika. Mtoto akichelewa kwa sababu ya foleni, bodaboda asigombezwe. Ukimgombeza leo, kesho atapenya ili asigombezwe tena. Muulize pia mtoto mwenyewe jioni: "Leo mlipitaje?" Watoto husema ukweli.

Kwa kijana wa nyumbani mwenye pikipiki yake, mpe kanuni chache za kukumbuka. Asipite lori upande wa kushoto. Asiingie kati ya magari mawili yanayotembea. Akilazimika kupita magari yaliyosimama, apite upande wa kulia palipo wazi, taa imewashwa, mwendo wa mtu anayekimbia, vidole vikiwa kwenye breki. Magari yakianza kusogea, arudi kwenye mstari.

Ikitokea ajali

Usimvute majeruhi wala kumbeba kwa kumshika mikono na miguu, isipokuwa kama kuna hatari ya kugongwa tena. Kama anapumua, kofia isivuliwe kwa nguvu, maana shingo inaweza kuwa imeumia. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi, na polisi wapigiwe simu namba 112.

Mtoto anayeinuka na kusema "sijaumia" bado aangaliwe kwa siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akipata degedege, au akitokwa damu au majimaji puani au masikioni, apelekwe hospitali wakati huohuo. Jeraha la ubongo linaweza kuhitaji rufaa hadi Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Saa zinazopotea nyumbani kwa kusema "tuone kesho" hazirudishwi na gari la wagonjwa.

Hayo yote huanzia kwenye foleni ambayo ingeisha kwa dakika chache. Kesho asubuhi, kabla mtoto hajapanda, ongea na bodaboda wake. Mwambie shule itamsubiri.