Mvi si Ushahidi

Katika uhakiki wetu tumezoea kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Aghalabu twauchukulia ubapa kuwa dosari ya kisanaa tu, inayompunguzia mtunzi sifa. Baada ya kuitazama The Letter (2019), filamu ya matukio halisi iliyoongozwa na Maia Lekow na Christopher King, nimesadiki kwamba ubapa waweza kumgharimu mtu uhai.

Filamu hiyo yamfuata Karisa, kijana aishiye mjini, anayerejea mashambani katika pwani ya Kenya baada ya nyanya yake kuitwa mchawi kwenye mtandao wa Facebook. Kadiri anavyodadisi, ndivyo suala la ardhi na urithi linavyojitokeza. Lililonigusa zaidi ni kwamba waongozaji hawakumfanya yeyote kikaragosi. Mkongwe huyo ana ucheshi na ukakamavu wake. Nao jamaa wanaovutana juu yake wamepewa nafasi ya kusema.

Ilinganishe na sinema nyingi za Bongo na za Nigeria tulizozitazama katika vibanda vya video. Humo, kikongwe mwenye mvi hana jina wala historia. Hutokea usiku, macho mekundu, na muziki ukibadilika tu, hadhira nzima yajua kuwa mchawi amefika.

Kwa mtazamaji wa mbali hayo ni burudani. Kwetu Ganze sivyo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Wengine wamelazimika kupaka nywele rangi nyeusi ili kuficha mvi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko huko Ganze, kutafuta hifadhi. Mara nyingi, nyuma ya tuhuma hujificha mgogoro wa shamba.

Wapo watakaosema kwamba sanaa huakisi tu imani za jamii. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Imani hiyo ipo, na The Letter haiikani wala haiikejeli. Ila inauliza swali ambalo sinema zile hazithubutu kuliuliza: mkongwe akiondoka, atakayefaidi ni nani? Aidha, jamii hiyo hiyo ndiyo iliyomfuata Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alipowahamasisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Lau angekabidhiwa watunzi wa sinema zile, sijui angepewa nafasi gani.

Wengi wetu tutakuwa walimu na tutatunga michezo ya kuigiza ya mashindano ya shule; baadhi yetu tutaandikia runinga. Nasaha yangu kwa wanachama wenzangu ni hii: tukimleta mkongwe jukwaani, tumpe jina, tumpe shamba, tumpe na usemi. Tukiishafanya hivyo, hadhira itaweza kumhukumu kwa matendo yake, si kwa nywele zake.