Tabia, Adhabu na Mkono wa Mwalimu: Wito kwa Wafasiri

Mwalimu akisema "huyu mtoto ana tabia mbaya," sote tunaelewa: anazungumzia hulka, malezi, pengine hata ukoo. Lakini katika taaluma ya uchambuzi wa tabia, inayotumika sana kuwafundisha watoto wenye usonji, tabia ni kitendo kinachoonekana na kuhesabika: mtoto amepiga meza mara 4 ndani ya dakika 10. Mwongozo wa taaluma hii ukitafsiriwa bila kulieleza hilo mapema, mwalimu ataendelea kumhukumu mtoto badala ya kumtazama.

Ndugu zangu wafasiri, walimu wa elimu maalumu na wazazi, nawaombeni tuifanye kazi hii ya kutafsiri pamoja. Miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza, na istilahi zake za msingi zilitoka maabara, enzi za B. F. Skinner miaka ya 1930. Hata waliozaliwa na Kiingereza huzichanganya. Chukua "uimarishaji hasi". Anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni adhabu, kumbe "hasi" hapa ni kuondoa tu. Mtoto anapiga kelele akipewa daftari. Mwalimu aliyechoka analichukua. Kesho kelele zinazidi, maana jana zilimsaidia. Hakuna aliyeadhibiwa, ila kelele zimeimarishwa. Mimi ningesema "kuimarisha kwa kuondoa", na mwenzake, "uimarishaji chanya", ningeuita "kuimarisha kwa kuongeza". Mama yeyote ataelewa.

Neno linalonitia hofu zaidi ni adhabu yenyewe. Kitaalamu ni lolote linalofuata kitendo na kukipunguza, hata joto la sufuria lililomfanya mtoto asiiguse tena. Kwetu, adhabu ni fimbo. Mwalimu akilisoma neno hilo tupu katika kitabu cha mafunzo, kiboko kimepata cheti. Hapo tusione haya kuandika sentensi nzima mahali pa neno moja.

Wakufunzi wa vyuo vya elimu maalumu, Patandi kule Arusha na KISE jijini Nairobi, wanafunzi wenu wana maneno wanayoyatumia darasani kila siku, yakusanyeni, mtupe. Wafasiri, kabla kazi haijaenda mtamboni, isomeni mbele ya mzazi na mwalimu, kisha mpeni mtu ambaye hajauona mwongozo wa asili airudishe kwa Kiingereza, muone kilichopotea njiani. Na muwaite watu wazima wenye usonji. Baadhi yao wameeleza kwa uchungu jinsi mafunzo ya aina hii yalivyowalazimisha kuficha walivyo. Neno "utiifu" likijipenyeza ukurasani, wao ndio watakaolishtukia kwanza.

Tangu 2023, bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya taaluma hii haipokei waombaji wapya kutoka nchi zetu. Basi mafunzo ya huku yatatungwa huku, na lugha yake ianze kuandaliwa sasa.

Ukiwa na saa mbili za Jumamosi, chukua sura moja tu ya mwongozo, ile ya kumsaidia mtoto kuandika. Mwalimu anaushika mkono wa mtoto, baadaye anamgusa kiwiko, baadaye anaonyesha kwa kidole, mwishowe anakaa kimya. Tuiiteje safari hiyo: kufifisha msaada, au kuachia mkono? Muulize fundi cherehani anavyosema anapomfundisha mwanagenzi wake, uandike jibu lake.