Makala za Utafiti Si za Maprofesa Peke Yao

Mwandishi aliyedai kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya kompyuta anatoshwa na video, makala za utafiti awaachie maprofesa, amewapotosha vijana. Video humweleza kilichopatikana. Makala humwonyesha kimepatikanaje, na kasoro hujificha hapo.

Anasema makala hizo ni ngumu. Ni ngumu kwa anayezisoma kama riwaya. Mwaka 2007 mtafiti wa kompyuta S. Keshav alishauri awamu tatu za kusoma makala: kwanza ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho, dakika tano hadi kumi tu, kisha michoro na grafu, mwisho kuijenga upya kazi yote akilini. Makala nyingi huishia awamu ya kwanza, na si dhambi.

Chukua makala ya AfriSenti ya 2023, kuhusu twiti za lugha 14 za Afrika zilizopangwa kwa hisia, Kiswahili kikiwamo. Inapatikana bure. Fungua majedwali yake, uliza: twiti za Kiswahili ni ngapi? Nani aliamua hii ni sifa, ile ni lawama? Kiswahili cha vijana wa Mbagala, Dar es Salaam, kimo? Mwanafunzi wa Kijitonyama, jijini humo, anaweza kuliona pengo ambalo msomaji wa London hataliona.

Walimu, msiwangojeshe hadi uzamivu. Wapeni makala tangu mwaka wa kwanza.