Hina ya arobaini, kopo la ful na damu ya mtoto

Wiki hii niruhusu nizungumzie nyumba ya kwetu, maana nimechoka kuandika kana kwamba maradhi huwapata watu wengine tu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipotimiza siku arobaini alitolewa nje kwa furaha kama ilivyo ada yetu Unguja. Akaogeshwa, akavishwa nguo zilizokuwa zimehifadhiwa sandukuni tangu mtoto wa kwanza, na mama yetu akampaka hina viganjani na nyayoni. Siku ya pili yake dada akanipigia simu: mtoto amepauka, macho yana umanjano, hanyonyi vizuri. Mimi, tabibu niliyesomea kazi hii, nikamjibu, "Hayo ni manjano ya watoto wachanga, mtoe juani asubuhi." Manjano yanayoanza siku ya arobaini na mbili! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenikosoa. Jioni ile mkojo kwenye nepi ulikuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea majani, ndipo walipokimbilia hospitali. Damu ilikuwa imeshuka vibaya, akaongezewa usiku uleule. Alhamdulillah, alipona.

Daktari aliyempokea aliuliza maswali mawili tu: mmempaka hina? Nguo zake mliziweka na nini? Sandukuni mlikuwa na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, naftalini, vya kufukuza nondo na mende. Basi akawa ameshajua la kupima.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kazi yake ni kuzilinda chembe zisiharibiwe na kemikali zinazoziunguza. Yako mabadiliko ya vinasaba, yaani urithi wa kuzaliwa nao, yanayokifanya kimeng'enya hiki kiwe kichache au dhaifu. Mwenye hali hii anaweza kuishi miaka yote bila kujijua, anacheza, anasoma, anafanya kazi. Siku akikutana na kitu kisichomfaa, chembe zake zinapasuka kwa wingi: anapauka, anachoka, anahema, macho yanakuwa manjano na mkojo unakuwa mweusi. Watu zaidi ya milioni 400 duniani wana upungufu huu. Oman, ambako wengi wetu wa mwambao tuna ndugu, uchunguzi umewahi kuukuta kwa karibu mwanamume mmoja katika kila wanne. Aina iliyoenea zaidi kwa Waafrika huwa nafuu kiasi, na ile ya nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati huwa kali zaidi. Upande wa bibi yetu mzaa mama asili yao ni huko Oman.

Kipimo cha mtoto hakikufanyika siku ileile, na hili wengi hawalijui. Mtu akitoka kupoteza chembe nyingi, zinazobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha, na akiongezewa damu utapima damu ya mtu mwingine. Jibu litatoka "mzima" naye si mzima. Tulisubiri miezi mitatu. Majibu yalipotoka nami nikaenda kupimwa. Ninao. Nimefikisha miaka thelathini na tano, nimetibu maelfu ya wagonjwa, na sikujua damu yangu ikoje.

Sasa ndugu msomaji, mtihani wetu mkubwa haukuwa ugonjwa, ulikuwa maneno. Ukweni kwa dada walisema damu ya kwao ni mbovu. Nataka niliseme hili wazi. Urithi huu hupita kwenye kromosomu ya X. Mtoto wa kiume huipata X yake kwa mama peke yake, kwa hiyo mama mwenye kinasaba kimoja kilichobadilika huweza kumpa mwanawe wa kiume, nusu kwa nusu. Baba mwenye hali hii hawapi wanawe wa kiume, lakini binti zake wote hukibeba. Mama hakujichagulia, naye alikipokea kwa wazazi wake. Tena kimeenea pale palipokaa malaria, kwa sababu huwapa wenye nacho kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Huenda babu zetu walinusurika kwa hichohicho tunachomlaumia leo mama wa watoto. Mume anayemnyanyasa mkewe kwa jambo hili anamdhulumu.

Turudi jikoni. Chakula kinachojulikana kwa madhara haya ni ful, yale maharage mapana wanayofungulia kinywa watu wa Misri, Sudani na Uarabuni. Kwetu huingia kwa makopo, hasa Ramadhani inapokaribia na ndugu wakirudi kutoka Maskati au Dubai. Zipo pia zilizokaangwa na kutiwa chumvi, za kutafuna, na falafeli za Kimisri hutengenezwa kwa ful. Mbichi na changa ndizo kali zaidi, na watoto wadogo ndio huumia zaidi, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili baada ya kula. Mama anayemnyonyesha mtoto mwenye hali hii naye aiache, kwani madhara yamewahi kupita kwenye maziwa.

Rai yangu ni kwamba ful iondoke nyumba nzima. Usimwekee mtoto mmoja mpaka kwenye sinia ambalo mikono yote inachota. Mtoto wa miaka mitatu hajui katazo, na mgeni anayemlisha kwa mapenzi hajui pia. Kwetu imetoka, na hakuna aliyekonda.

Lakini msivuke mpaka upande wa pili. Nimemwona kliniki mtoto wa familia nyingine, mwenye upungufu huuhuu, ambaye wazazi walipewa karatasi ya makatazo wakamwachisha maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu zote. Nyama kwao ni ya Idi. Mtoto alikuwa amedumaa, analishwa ugali na mchuzi wa nyanya. Sumu inayohusika ni ya ful. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumnyima mtoto kunde za nazi. Niliwaambia warudishe maharage siku ileile.

Hina najua itaniletea barua. Sisemi wanawake waache kujipamba, na bibi harusi namtakia kheri. Nasema mtoto mchanga asipakwe, awe amepimwa au hajapimwa. Zipo taarifa za kitabibu za watoto wenye upungufu huu waliokaribia kufa baada ya kupakwa. Piko ni kisa kingine, nitakuja nacho. Naftalini itoke kwenye nguo za watoto kabisa. Jua, pasi na sanduku linalofungika vizuri vinatosha.

Dawa nazo. Upungufu huu wenyewe ulitambuliwa mwaka 1956 huko Marekani, baada ya wafungwa weusi wa Illinois kupewa primakwini kwa majaribio na baadhi yao kuishiwa damu (kumfanyia majaribio mtu aliyefungwa minyororo, hilo nalo Allah atawauliza). Lapdap, dawa ya malaria iliyotarajiwa mengi kwa Afrika, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu ya dapsoni iliyomo. Nitrofurantoini ya maambukizi ya mkojo nayo ni ya kuogopa. Dawa mseto ya malaria tunayoizoea haikatazwi. Usikariri majina, andika "upungufu wa G6PD" kwenye kadi ya kliniki ya mtoto na uionyeshe duka la dawa kabla hujafungua pochi. Na homa usiichezee, maana maambukizi yenyewe huweza kupasua chembe bila hina wala ful. Ukiona mkojo wa rangi ya chai, usingoje kukuche.

Aliyepatwa na shambulio Ramadhani ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa katika Suratul Baqara tunaijua sote. Atalipa siku zake akipona.

Dada yangu ana mimba tena. Nguo za mtoto zimefuliwa mara mbili na kuanikwa juani, sanduku limeoshwa kwa sabuni, na mama, yuleyule aliyepaka hina, ameshaniuliza mara tatu damu itapimwa siku gani. Nimemwambia: akizaliwa tu, inshaallah, kabla hajatoka hospitali.