Ni Kiburi au ni Kiharusi?

Ndugu msomaji, kabla hujamcheka mtu kwa sababu ya sahani yake, hebu nisikilize kidogo.

Kuna hali ya ubongo iitwayo sindromu ya gumandi, jina lililotokana na neno la Kifaransa la mtu apendaye kula. Mwalimu wetu wa Bayolojia alipoitaja nilidhani anatutania. Kumbe wapi! Mwaka wa 1997, wataalamu wawili waliofanya kazi Uswisi, Marianne Regard na Theodor Landis, waliandika habari za wagonjwa 36. Kati yao, 34 walikuwa wameumia ubongo upande wa kulia, sehemu ya mbele. Si kwamba walikula kwa pupa kama sisi siku ya nyama, la! Walishikwa na hamu ya vyakula vizuri: kuviwaza, kuvinunua, kuvipika na kuvisimulia.

Mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari za siasa. Zamani alikula chochote, ilmradi ashibe. Baada ya kiharusi, akiwa bado kitandani, shajara yake ikajaa habari za vyakula, na chakula cha hospitali kikamchukiza kweli kweli. Alipopata nafuu akaacha siasa, akawa anaandika kuhusu mapishi gazetini. Jamani, ugonjwa ukambadilishia kazi!

Mimi naandika haya kwa ajili ya mjomba. Alipotoka hospitalini baada ya kiharusi, ugali alioula maisha yake yote aliusukuma kando. Akataka pilau, tena iliyonukia iliki. Nyumba nzima ikamsema: eti amedeka, eti anajiona tajiri. Nami, sifichi, nilicheka.

Sisemi mjomba ana hali ile ya Uswisi. Hakuna daktari aliyempima kwa hilo. Lakini tulipouona mguu wake wa kushoto ukiburuta, sote tulisema ni kiharusi, tukampa mkongojo. Alipokataa ugali, tukasema ni kiburi, tukampa matusi. Kwani kiharusi kinachoweza kushika mguu, kitashindwaje kugusa hamu ya chakula? Ubongo si ni ule ule?

Juzi nimemwandikia barua nikamuuliza atapenda nini nikifunga shule. Amejibu kwa mkono unaotetemeka: samaki wa kupaka, nazi iwe nzito. Mama anasema namdekeza. Basi na iwe hivyo, nazi nitaikuna mwenyewe.