Dawa Ni Zangu, Mbona Aulizwe Mama Pekee?

Nimeshika kalamu si kwa sababu mhariri alinidai makala (ingawa alinidai, tena mara tatu), bali kwa sababu ya tangazo la muhula uliopita. Tuliambiwa paredini kwamba mfamasia atakuwa akija shuleni kila muhula kupitia dawa za wanafunzi wenye magonjwa ya kudumu, na kwamba wazazi watatumiwa fomu ya idhini waitie sahihi. Nilipiga makofi kama wengine. Usiku kitandani ndipo nilipojiuliza: na sisi je, nani atatuuliza?

Mimi nina pumu tangu utotoni. Wengi wetu wenye pumu tuna inhela mbili. Ya buluu hufungua kifua papo hapo. Ya kahawia haikupi nafuu yoyote ya kuihisi leo. Kazi yake ni kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, siku baada ya siku, ili ile ya buluu usiihitaji sana. Basi mimi ya kahawia niliiacha. Kwanza ilinifanyia utando mweupe mdomoni, maana sikujua kwamba mtu husukutua kila baada ya kuivuta. Pili, katika shule niliyosoma kidato cha kwanza, ambayo sitaitaja, majina ya wenye pumu, kifafa na kisukari yalisomwa mbele ya shule nzima, tukaambiwa tubaki nyuma dawa zetu zikaguliwe. Kuanzia siku hiyo niliitwa "Bi. Pampu". Jamani, msichana wa miaka 14 akiitwa hivyo, hata dawa ya kumfufua ataificha chini ya godoro.

Mama hakujua. Kila likizo tulipopita dukani kuchukua dawa, aliyeulizwa ni yeye. "Anazitumia zote mbili?" "Ndiyo, asubuhi na jioni." "Hazimsumbui?" "Hapana." Nami nimesimama kando kama mfuko wa unga. Mama hakusema uongo, alisema alichokijua. Mwenye jawabu alikuwa hatua moja kutoka kwake na hakuna aliyemgeukia.

Ikaja Julai na baridi yake. Nilikuwa naivuta ile ya buluu zaidi ya mara kumi kwa siku, na usiku mmoja ikaisha. Mwenzangu wa kitanda cha juu ndiye aliyemwamsha metroni. Ya hospitali siyakumbuki vizuri, isipokuwa mvuke wa ile mashine puani, na Mama aliyefika alfajiri akiwa amevaa viatu visivyofanana.

Siku ya pili alikuja mfamasia wa hospitali, mama wa makamo. Alimwamkia Mama, akamwomba ruhusa tuzungumze peke yetu dakika chache. Mama akasita, kisha akaenda kutafuta chai. Yule mama akavuta kiti. "Mwanangu, nataka tuzitazame dawa zako moja baada ya nyingine. Ukipenda. Ukikataa tutaacha."

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo, na nikamwaga yote. Akaniambia nivute inhela anione. Kumbe hata hiyo ya buluu nilikuwa naikosea! Nilikuwa nabonyeza kwanza ndipo navuta, dawa nyingi ikaishia mdomoni. Akanionyesha: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi hadi uhesabu kumi. Akanieleza pia kwamba tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, haupendekezi mtu wa miaka 12 na zaidi kutegemea dawa ya buluu peke yake. Mwisho akauliza: "Haya ya kuificha ya kahawia, nimwambie mama yako, ama utamwambia mwenyewe?" Nilimwambia mwenyewe. Alilia kidogo, akanigombeza sana.

Sasa najua watakaosema mtoto ni mtoto, na mzazi ndiye mwenye idhini. Sikatai. Sheria ya Kenya inamhesabu kila asiyetimiza miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022 inasema pia kwamba mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni katika jambo linalomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Hayo yamo hata katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990. Kama dawa ninayoivuta mimi hainihusu, basi sijui kinachonihusu ni kipi.

Huko Uingereza jambo hili lilifika mahakama ya juu kabisa. Mzazi mmoja, Victoria Gillick, alipinga wasichana wa chini ya miaka 16 kupewa dawa za kupanga uzazi bila wazazi kujua. Mwaka 1985 alishindwa: ikaamuliwa kwamba mtoto anayeelewa vizuri tiba anayopewa anaweza kuiidhinisha mwenyewe. Mimi siombi tufike huko, na kesi ile ilikuwa ya jambo zito kuliko inhela. Nachukua hilo neno "anayeelewa" tu. Wale wa kidato cha kwanza waliokuwa wakinicheka walielewa vizuri sana inhela ni nini.

Mdogo wangu wa miaka sita, kwa upande mwingine, hawezi kuidhinisha kitu. Angeachiwa, angechagua dawa zenye ladha ya machungwa tu. Lakini hata yeye anaweza kukwambia kwamba kidonge anakitema. Na kuna rafiki yangu aliyeanza dawa ya kifafa akiwa na kilo 31. Sasa ana 49 na kipimo ni kile kile. Dozi nyingi za watoto hupangwa kwa kilo, na kwa sababu hiyo naitaka sana hii ziara ya mfamasia. Mtu asije akasoma makala haya akadhani naipinga.

Mfamasia naye asituahidi siri za kila namna. Akisikia kwamba mwanafunzi yu hatarini, itambidi aseme. Atuambie hivyo kabla hatujafungua midomo, tuamue tukijua.

Kwa hivyo ombi langu kwa wakuu wetu ni dogo. Majina yasisomwe paredini. Metroni anatujua wote, atatuita mmoja mmoja. Kile chumba kando ya zahanati kina mlango unaofungika, kitumike hicho. Na kwenye fomu, chini ya sahihi ya mzazi, pawe na mstari wa mwanafunzi, aandike kama amekubali, na kama angependa mzungumzo yawe na mzazi au bila. Nafasi ikiwa haitoshi, upande wa nyuma wa ile karatasi hauna maandishi.